Mvuke, Jua na Ziwa: Hewa Tunayovuta Bukoba na Muleba

Nilishuka Muleba mjini kusubiri gari la kwenda Bukoba. Pembeni ya kijiwe cha bodaboda kijana mmoja alikuwa akihamisha petroli kutoka kwenye dumu la manjano kwenda kwenye tenki la pikipiki. Alichomeka mpira kwenye dumu, ncha ya pili akaiweka mdomoni, akavuta. Mara ya kwanza ilikuja hewa. Mara ya pili petroli ikapanda ghafla ikamfika kooni. Alitema, akakohoa hadi machozi yakamtoka, akapangusa midomo kwa mkono wa koti na kuendelea na kazi yake. Nilipomuuliza kama yuko salama alinijibu kwa heshima, "Nimezoea, mama. Petroli haiui."

Petroli inaua, na inaua kwa njia tatu. Ya kwanza tunaijua sote tangu tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakimbilia kuchota, na mlipuko ukachukua roho za watu zaidi ya 100. Ya pili ni ya polepole, inapita puani na kwenye ngozi kila siku hadi kwenye damu. Ya tatu haina moto wala harufu ya petroli. Ni hewa mbaya ambayo mvuke wa petroli, moshi wa injini na moshi wa majani huitengeneza kwa pamoja jua linapowaka. Kuhusu hiyo ya tatu, watu wachache huku kwetu wamewahi kuelezwa, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Unachonusa ni nini

Fungua chupa ya petroli na harufu itakufikia kabla hujaisogeza puani. Unachonusa ni petroli yenyewe iliyogeuka hewa. Vimiminika vya tabia hiyo tunaishi navyo kila siku: tina ya fundi rangi, vanishi, gundi ya fundi viatu, rangi ya mafuta, mafuta ya taa, spiriti, rangi ya kucha, dawa ya kopo ya kupulizia mbu. Ndani yake mna kemikali zenye kaboni ambazo hupaa zenyewe, bila kuchemshwa. Wataalamu huziita misombo tete ya kaboni. Mimi hapa nitaziita mvuke, kwa kuwa ndivyo zinavyotujia.

Moto nao hutoa mvuke wa aina hiyo. Kuni mbichi, mkaa unapoanza kushika, taka za uani, matairi, nyasi za rweya (nyika ya malisho ya kijiji), vyote vinapoungua nusunusu hurusha angani mamia ya kemikali, nyingine zinawasha macho na nyingine huzisikii kabisa. Mbili kati yake zinafaa kujulikana kwa majina. Benzini imo ndani ya petroli na ndani ya moshi wa kuni. Fomaldehaidi imo katika moshi, katika baadhi ya gundi za mbao na katika samani mpya zilizotengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa. Zote mbili Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vinavyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Benzini hushambulia uboho, mahali ambapo damu hutengenezwa, na saratani yake inayojulikana zaidi ni ya damu.

Watu wengi husema petroli ya sasa ni salama kwa kuwa haina risasi. Ni kweli nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na watoto wetu wamenufaika sana kwa hatua ile. Lakini benzini haikuondoka pamoja na risasi. Bado imo.

Ozoni haitoki kwenye bomba lolote

Tumefundishwa shuleni kwamba ozoni ni utando ulioko juu sana angani, unaotukinga na miale mikali ya jua. Ni kweli, na ule utando tunauhitaji. Ila ozoni hiyohiyo ikiwa hapa chini, kwenye kimo cha pua zetu, ni sumu. Mahali ilipo ndipo panapoamua kama ni rafiki au ni adui.

Hakuna gari, jiko wala kiwanda kinachotoa ozoni hii moja kwa moja. Inapikwa hewani, na kwa mtu wa mkoa wetu wa Kagera mfano wa karibu zaidi ni lubisi, pombe ya ndizi. Ukiwa na maji ya ndizi peke yake huna lubisi. Ukiwa na mtama uliokaangwa peke yake huna lubisi pia. Unavitia pamoja katika mtumbwi, unafunika, unaacha vipate muda na joto, na kesho yake una kitu kingine kabisa. Katika ozoni, maji ya ndizi ni ule mvuke. Mtama ni oksidi za naitrojeni, gesi zinazotoka popote pale moto unapowaka kwa joto kali, hasa ndani ya injini. Na joto la mtumbwi ni jua. Mwanga wa jua hupasua mojawapo ya gesi hizo, chembe moja ya oksijeni inabaki huru, inajishikiza kwenye oksijeni ya kawaida, ozoni inazaliwa. Bila mvuke, ozoni ile ingerudi kuliwa na mabaki ya gesi ileile iliyoizaa na mambo yangeishia hapo. Mvuke unaivuruga njia ya kurudi, na ozoni inaanza kulimbikizana.

Jambo hili liligunduliwa Los Angeles, Marekani. Mwaka 1943 wakazi wa jiji lile walianza kupatwa na ukungu uliowasha macho na koo, na kwa miaka kadhaa kila mtu alimnyooshea kidole mwenzake. Aliyefumbua fumbo mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza harufu ya nanasi. Mtu aliyezoea kukamata harufu ya tunda kwenye chupa ndiye aliyeweza kukamata harufu ya jiji na kuonyesha kwamba mvuke wa mafuta na moshi wa magari, vikipigwa na jua, huzaa ozoni.

Kwa sababu inahitaji jua, ozoni ina saa zake. Asubuhi huwa ndogo. Inapanda kadiri jua linavyopanda, inafika kileleni kati ya saa saba na saa kumi na moja jioni, kisha inashuka. Kwa sababu inahitaji muda, ina mahali pake pia. Katikati ya mji wenye magari mengi inaweza kuwa ndogo kuliko kijijini upande unakoelekea upepo, maana gesi mpya ya ekzosi huila ozoni papo hapo, wakati hewa iliyokwisha kusafiri saa mbili au tatu haina tena kitu cha kuila. Mtu anaweza kupanda kilimani kukimbia moshi wa mji, akaikuta ozoni ya mji inamsubiri huko.

Ziwa letu na upepo wake

Mvuvi yeyote wa Kemondo au wa visiwa vya Muleba anaijua tabia ya upepo kuliko mwandishi huyu. Mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo unashuka kutoka vilimani kuelekea ziwani. Fikiria sasa moshi wa jioni wa Bukoba, kuanzia Hamugembe hadi Kashai, majiko yanawashwa, bodaboda zinarudisha watu nyumbani. Usiku moshi huo husukumwa ziwani. Asubuhi jua linaupiga juu ya maji, mahali ambapo hakuna injini mpya za kuila ozoni wala majani ya kuinyonya. Mchana upepo wa ziwani unaanza kuurudisha ufukweni na kuupandisha hadi kwenye vilima vilivyoko nyuma ya mji.

Mzunguko wa namna hiyo umechunguzwa kwa miaka mingi katika Ziwa Michigan, Marekani, ambako miji midogo ya ufukweni hupata ozoni inayozidi hata ile ya majiji makubwa yaliyotoa moshi, kwa sababu ziwa huigeuza hewa chafu kuwa ozoni na kisha kuirejesha. Bukoba haina magari ya Chicago, na mvua zetu huosha hewa mara kwa mara. Lakini ziwa lipo, vilima vipo, jua la ikweta lipo mwaka mzima, na idadi ya pikipiki barabarani inaongezeka mbele ya macho yetu. Mtumbwi umeshatengenezwa na Mungu, na sisi ndio tunaochagua cha kumimina ndani yake.

Kiangazi ndicho cha kuangaliwa zaidi. Jirani zetu wa Rwanda wana kituo cha kupima hewa juu ya Mlima Mugogo, zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na vipimo vyake vinaonyesha ozoni na masizi vikipanda katika majira mawili ya ukavu, ya Juni hadi Agosti na ya Desemba hadi Februari, na kushuka mvua zinapoanza. Sababu kubwa ni moto wa nyasi. Katikati ya mwaka huungua mbuga za kusini, zikiwemo za Zambia, Kongo na Tanzania yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huungua za kaskazini, kuelekea Sudan Kusini na Afrika ya Kati. Moshi husafiri mamia ya kilomita na haujui mpaka. Ukiona mwezi Julai vilima vya ng'ambo vimefifia kama vimefunikwa kwa shuka, sehemu ya ukungu ule ni moshi wa watu usiowajua, na sehemu ni wa rweya ya kijiji chako.

Inavyouma mwilini

Ozoni haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo ute wa pua na koo hauizuii. Inateremka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuuchubua utando wa vijia vya hewa, kama ngozi inavyochubuliwa na jua kali. Mtu husikia koo linakwaruza, kifua kinabana akivuta pumzi ndefu, kikohozi kikavu kisicho na mafua. Mwenye pumu anaweza kushikwa siku hiyo au hata kesho yake. Watoto wanaumia zaidi kwa kuwa huvuta hewa nyingi kulinganisha na uzito wao na hukimbiakimbia nje saa zilezile za mchana. Kundi jingine ni wanaofanya kazi nzito juani: mkulima, kibarua wa ujenzi, mwendesha bodaboda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mpya mwaka 2021 liliweka kiwango cha ozoni kisichofaa kuzidi maikrogramu 100 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa saa nane.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii ozoni wala mvuke wa petroli. Inazuia kiasi tu cha vumbi na masizi, na kwa hivyo ina faida yake, ila usijidanganye kwamba ukiivaa unaweza kunyunyiza rangi ya gari chumbani. Kinachosaidia dhidi ya ozoni ni saa: kazi ya nguvu na michezo ya watoto vifanyike asubuhi, au jioni jua likishatulia. Walimu wanaopanga mbio za shule saa nane mchana mwezi Julai naomba walifikirie hili. Ndani ya nyumba, tofauti na moshi wa jiko, ozoni huwa kidogo kuliko nje, kwa hiyo mgonjwa wa pumu apumzike ndani mchana wa siku ya ukungu mkavu, katika chumba kisicho na jiko.

Petroli: mambo ya kubadilisha leo

Narudi kwa kijana wa Muleba, kwa sababu kwake hatari ni ya leo, haisubiri miaka.

Usinyonye petroli kwa mdomo, hata mara moja. Petroli ni nyepesi mno. Tone likiteleza njia ya hewa badala ya njia ya chakula, linatapakaa mapafuni na kuyaunguza, na homa ya mapafu inayofuata inaweza kuua ndani ya siku chache. Pampu ya mkono ya mpira, ile ya kubonyeza, ni kitu kidogo, na vijana wa kijiwe wakichanga wanaweza kununua moja ya wote. Isipopatikana, inua dumu juu ya kiti, tumia mdomo mrefu wa kumiminia au faneli.

Mtu akimeza petroli au mafuta ya taa, usimtapishe. Hapa ndipo watu wema wanapoua bila kujua: wanampa maziwa, wanamtia kidole kooni, mafuta yanapanda tena na safari hii yanaingia mapafuni. Msuuze mdomo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, mkalishe wima, mpeleke hospitali. Ukiwa Muleba usisite kwenda Rubya au Ndolage, ukiwa mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mpeleke hata kama anasema amepona, maana kifua huweza kubadilika saa kadhaa baadaye. Na mafuta ya taa yasikae kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto haoni mafuta, anaona chupa ya soda.

Petroli ya kuuza isilale ndani ya nyumba. Ninajua kwa nini inalala: sheli iko mbali, wateja wako mlangoni, na dumu likiachwa nje linaibwa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, imekuwa ikikataza biashara ya petroli ya chupa na madumu, na sababu yake ni hii. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauelei juu kama moshi, unashuka na kutambaa sakafuni, unapita chini ya mlango hadi kwenye jiko la mkaa lililoko chumba cha pili. Na usipokutana na moto, unakutana na watoto wanaolala kwenye mkeka, chini, palepale mvuke ulipo mzito zaidi. Familia inavuta benzini usiku kucha na asubuhi inaamka na kichwa kizito, inasema ni malaria.

Ukiwa sheli, pampu ikishajizima acha hapohapo, usiongeze "kidogo ijae". Kinachoongezwa hugeuka mvuke au humwagika. Mfuniko wa tenki uwe na mpira wake mzima. Zima injini kijiweni. Plagi na chujio la hewa visafishwe kwa wakati: moshi mweusi maana yake injini inapewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuunguza, moshi wa bluu maana yake inaunguza oili, na yote mawili ni fedha yako inayopaa. Kwa wavuvi, injini zile za kuchanganya petroli na oili hutupa nje sehemu kubwa ya mafuta bila kuungua. Ndiyo maana nyuma ya boti unaona utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Unapobadilisha injini, ya viharusi vinne ina bei kubwa dukani lakini inakunywa kidogo na inatema kidogo. Wavuvi wa dagaa walioacha karabai na kuchukua taa za sola wameshajiondolea mvuke wa mafuta ya taa mapafuni, usiku baada ya usiku. Hilo ni badiliko ninalolishangilia kwa moyo wote.

Rangi za Desemba

Kila Desemba wenyeji wa Kagera walioko Dar es Salaam na Mwanza hurudi nyumbani, na kabla hawajafika nyumba za wazazi hupakwa rangi. Ni desturi nzuri. Tatizo ni kwamba rangi hupakwa tarehe 22, wageni wanafika tarehe 23, mvua inanyesha, madirisha yanafungwa, na bibi mwenye umri wa miaka 80 analala katika chumba kinachonuka tina.

Paka mapema, wiki mbili kabla. Ukutani tumia rangi ya maji, ya mafuta ibaki kwa milango na vyuma. Chumba kilichopakwa kiachwe wazi mchana na usiku hadi harufu iishe kabisa, na mama mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu wasilale humo kabla ya hapo. Fundi afanye kazi milango ikiwa wazi, asinawe mikono kwa tina kama wengi wafanyavyo, maana tina hupita kwenye ngozi. Mafuta ya kula kisha sabuni hutoa rangi mikononi vizuri. Kopo la tina lifunikwe kila baada ya kuchovya. Karakana za samani na za kupiga rangi magari zilizobanana kando ya barabara zinahitaji angalau kuta mbili zilizo wazi, na kazi ya kunyunyiza ifanyike mbali na mahali mama ntilie anapopikia.

Moshi wa jikoni na moshi wa rweya

Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu Kagera, mkoa wenye watu karibu milioni 3, ningeanzia jikoni, kabla ya barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya ndani ya nyumba, hasa ya kupikia, ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Katika jiko la mafiga lililofungwa, mama na mtoto aliyebebwa mgongoni huvuta masizi, benzini na fomaldehaidi kwa saa nyingi kila siku. Hilo linazidi chochote wanachoweza kukutana nacho stendi ya Bukoba.

Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri, lakini mtungi wa gesi ukiisha Kamachumu au Nshamba na hela ya kujaza haipo, kuni zinarudi. Kwa hiyo nasema pia ya katikati: kuni zikauke kabisa kabla ya kuingia jikoni, zipasuliwe nyembamba, jiko liwe banifu na lenye bomba la moshi, ukuta wa jiko uwe na matundu juu na chini, chungu kifunikwe, maharage yalowekwe usiku kucha. Gesi kidogo iliyopo itumike kwa yale yanayoiva haraka, chai na uji wa asubuhi, ili moto wa kuni usiwashwe kwa ajili ya kikombe kimoja. Mkaa usiingizwe kamwe chumbani kwa ajili ya joto, hata usiku wa baridi.

Taka za uani ni jambo la kujitakia, naomba radhi kwa ukali. Maganda ya ndizi, majani, mabaki ya chakula, vyote Mhaya amevitia kwenye kibanja, shamba lake la migomba, tangu enzi, ndiyo maana migomba yetu imesimama vizazi na vizazi. Kinachobaki kuchomwa ni plastiki, nepi na viatu vibovu, vitu ambavyo moshi wake ni wa sumu kuliko vyote. Visichomwe. Vitengwe vikiwa vikavu, visubiri gari la taka au shimo la kijiji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vingine bado vimejaa.

Kisha rweya. Watu huichoma ili nyasi mpya zichipue kwa ng'ombe. Lakini nyasi hizohizo ndizo wazee walikata kufunika udongo wa kibanja na kutandika ndani ya nyumba, na leo kuna watu wanaozinunua kwa mzigo. Unapoichoma unateketeza matandazo ya kibanja chako. Na kwa habari ya ozoni, moto wa nyasi ni kiwanda kilichokamilika: unatoa mvuke na oksidi za naitrojeni kwa pamoja, maji ya ndizi na mtama katika mtumbwi mmoja, tena katika mwezi wenye jua kali na bila mvua ya kuosha.

Hapa kuna jambo linalochanganya wengi. Miti pia hutoa mvuke. Harufu ya mkaratusi baada ya mvua, harufu ya utomvu wa msonobari mchana wa joto, ni kemikali zinazopaa vilevile, na misitu inatoa nyingi kuliko magari yote. Je, tukate miti? Hapana. Katika nchi yenye majani mengi kama yetu, mvuke haukosekani kamwe. Kilicho haba hewani, na kwa hiyo kinachoamua ozoni itapanda kiasi gani, ni ile gesi ya moto na injini. Mti peke yake hautakudhuru. Ndiyo maana kwa upande wa ozoni ushauri wangu wa kwanza unagusa moto wa nyasi na injini mbovu, na kwa upande wa saratani unagusa petroli, tina na jiko.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 zipo chini yake. Mwananchi anayesumbuliwa na moshi wa karakana au wa jalala linalowaka ana haki ya kulalamika: aanze kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, aende kwa afisa afya na afisa mazingira wa halmashauri, na isiposaidia afikishe NEMC, baraza la taifa la mazingira. Andika siku, saa, upepo ulikotoka na kinachochomwa. Lalamiko lenye saa na tarehe halitupwi kirahisi kama lile la "wanatusumbua kila siku".

Jani la maharage

Kuna kipimo kimoja cha ozoni ambacho kila mwenye kibanja anacho. Maharage ni miongoni mwa mazao yanayoumizwa upesi na ozoni, hata watafiti wa nchi nyingine huyapanda makusudi ili yawaonyeshe hewa ikoje. Mwezi Juni au Julai, baada ya siku kadhaa za jua na ukungu mkavu, inama uangalie majani yaliyokomaa, yale ya chini, upande wa juu wa jani. Ozoni huacha vidoa vidogo sana vya rangi ya shaba au kahawia kati ya mishipa, kana kwamba jani limenyunyiziwa chai. Pindua jani: upande wa chini mara nyingi huwa safi. Vidoa vikiwa na unga unaobaki kidoleni, hiyo ni kutu. Vikiwa na pembe, vimezuiwa na mishipa kama vyumba vidogo, na kuonekana pande zote mbili, hiyo ni madoa pembe. Hizo mbili bwana shamba anazijua na zina tiba zake.

Ukiona vile vya kwanza, chuma majani matano, yalaze kati ya kurasa za gazeti kavu, usiyatie kwenye plastiki yakaoza. Andika tarehe, jina la kijiji, na kama wiki ile rweya ilikuwa inaungua na upande gani. Mpe bwana shamba wa kata, au siku ukipita Bukoba uyafikishe kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku.